Mjukuu Naye Apewe Jembe

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni shule hufungwa kwa likizo, na mabasi yaendayo Bunda na Musoma hujaa watoto wadogo wanaopelekwa kwa babu na bibi zao. Wengine hutoka Mwanza, wengine Arusha, na wengine hutoka mbali kabisa, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Nasi wa Kisorya twawapata wengi. Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, pale kivuko kinapovukia kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Na tangu lami itufikie, mtoto aweza kutoka Bunda asubuhi akala chakula cha mchana kwa bibi yake.

Jambo hili ni jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini napenda kuwauliza wasomaji wa gazeti letu: watoto hawa wanakuja kufanya nini? Nimeona wengi wanakuja kama wageni na kuondoka kama wageni. Wanachinjiwa kuku, wanapigwa picha, wananunuliwa soda, kisha wanarudi kwao hawajui hata jina la babu wa babu yao. Maoni yangu ni kwamba mjukuu asifanywe mgeni kupita siku mbili. Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Watu huitumia methali hiyo kwa mgeni asiyetaka kuondoka. Mimi naona yamfaa zaidi mjukuu, si kwa kumfukuza bali kwa kumkaribisha. Maana katika nyumba asiye na kazi ndiye mgeni, na mwenye kazi ndiye mwenyeji.

Nitaeleza niliyoyaona likizo ya Juni iliyopita. Kwa babu yangu aliletwa mtoto wa baba mdogo, umri wake miaka minane, mwanafunzi wa Darasa la Tatu huko Dar es Salaam. Siku mbili za kwanza alikaa kitini kama bwana mkubwa. Alichinjiwa jogoo, akapewa simu ya shangazi achezee, na kila alipoinuka aliulizwa, "Wataka nini, mjukuu?" Lakini mwenyewe hakufurahi. Jioni ya pili alilia, akasema anataka kurudi kwao. Hakulia kwa njaa, alilia kwa upweke. Bibi yetu Kiswahili chake ni kidogo, cha sokoni tu, na mtoto yule Kijita hakujua hata neno la kuomba maji. Basi nilikaa kati yao kama mkalimani wa baraza: bibi aseme, nigeuze, mtoto ajibu, nigeuze tena. Fikirini, wasomaji, bibi na mjukuu wa damu moja wanahitaji mkalimani ili waulizane kama wamelala salama!

Siku ya tatu babu, ambaye umri wake ni miaka 81, alimwamsha alfajiri akamkabidhi kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafungua mbuzi. Mtoto akawahesabu kama alivyofundishwa shule, akapata 14, akasema, "Babu, wote wapo." Babu akamjibu, "Kumi na nne wapo, lakini yule mweusi mwenye doa si wetu, ni wa jirani. Wetu yuko wapi?" Kumbe babu hawajui mbuzi wake kwa namba, huwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao. Wakatoka wote wawili kumtafuta aliyepotea, mzee na fimbo yake na mtoto na viatu vyake vya mjini, nao hawakurudi mpaka saa nne. Tangu siku ile sikusikia tena habari ya kutaka kurudi Dar es Salaam.

Kazi ya pili ilikuwa kulinda dagaa. Kwa wasiofahamu, dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Alfajiri mitumbwi hurudi, na akina mama huwanunua na kuwaanika juu ya nyavu, au juu ya chanja, au mchangani. Mwezi wa Juni jua letu ni kali na mvua ni haba, hivyo dagaa waweza kukauka kwa siku moja tu wakigeuzwa vizuri. Wakiachwa na unyevu huoza, bei huanguka, na huishia kuwa chakula cha kuku. Basi mtoto yule alipewa kijiti akae kivulini, afukuze kunguru na yangeyange, na jua likipanda awageuze pamoja na bibi. Bibi alipouza ndoo ya kwanza alimnunulia kalamu kwa fedha ile, akamwambia, "Hii umeifanyia kazi, mume wangu." Maana kwetu, kama mjuavyo, bibi na mjukuu ni watani, naye mjukuu wa kiume huitwa mume.

Juma la tatu lilipofika kazi yangu ya ukalimani ilikuwa imekwisha. Mtoto alikuwa akiwafokea mbuzi kwa Kijita, tena kwa maneno ambayo baba yake asingependa kuyasikia. Hakuna aliyemfundisha lugha kwa ubao na chaki. Alifundishwa na mbuzi, na dagaa, na bibi aliyemhitaji amletee kijiko wala si sahani.

Sasa wengine watasema, "Huyo amejifunza uchungaji tu. Una faida gani kwa mtoto wa mjini?" Napenda kujibu kwa mifano miwili.

Wa kwanza ni wa ziwa lenyewe. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa mno, na Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili. Babu alikuwa kijana wakati huo, naye aliona mashamba ya wazee wake yakimezwa na maji. Alipojenga nyumba yake aliijenga juu ya mahali maji yalipofika, ingawa watu walimcheka kwa kukaa mbali na mwalo. Mwaka 2020 ziwa likapanda tena mpaka kuipita alama ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapanda zaidi. Nyumba nyingi za ukingoni ziliingia maji; ya babu ilibaki kavu. Juni iliyopita alimshika mjukuu wake mkono akamwonyesha jiwe: "Maji yalifika hapa nilipokuwa kijana. Na hapa yalifika ulipokuwa mdogo. Ukijenga, usijenge chini ya hapa." Mtoto wa miaka minane hana haja ya kujenga leo, lakini siku atakapokuwa na haja hiyo babu hatakuwapo.

Mfano wa pili ni wa samaki. Siku hizi mtoto akiulizwa samaki wa ziwa letu hutaja sangara, sato na dagaa, basi. Sangara si mwenyeji hapa. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, na kuanzia miaka ya 1980 akaongezeka mno akawala wengine. Wataalamu wasema ziwa hili lilikuwa na aina kama 500 za furu, nao hukadiria kwamba kiasi cha 200 zimetoweka. Babu na bibi waliwala furu wengi wakati wa utoto wao, nao wana jina kwa kila mmoja, wa rangi hii na wa rangi ile, wa mawe na wa matope. Samaki amekwenda, na jina lake limebaki katika vinywa vya wazee peke yao. Wazee wakienda, na jina nalo litakwenda, wala hatutajua hata tulichokipoteza.

Jirani zetu wa Ukerewe walipata mtu aliyeliona jambo hili mapema. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliona kwamba vijana wanasahau desturi za wakubwa wao. Akaandika kitabu kirefu kwa Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza mwaka 1945. Hakupata mtu wa kukichapa kwa Kikerewe, hivyo akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kungoja kitabu! Tumshukuru mzee yule kwa subira yake. Lakini si kila kijiji kina Kitereza. Kwa wengi wetu kitabu ni babu mwenyewe, nacho husomwa Juni na Desemba tu.

Hata Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alichunga mbuzi kabla ya kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea alieleza kwamba kabla ya shule za wakoloni watoto wa Afrika hawakukosa elimu. Walijifunza kwa kuishi na kutenda pamoja na wakubwa wao. Wala hakusema tuache shule. Alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya watu wake. Mimi naona kwamba siku thelathini za likizo kwa bibi ni sehemu ya elimu hiyo, tena haina ada.

Na kama wako wanaotaka ushahidi wa wataalamu, uko hapa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980 wataalamu kutoka Marekani, miongoni mwao Bibi Kristen Hawkes na Bwana James O'Connell, walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi wakipima kazi za watu na uzito wa watoto. Waliona kwamba bibi wazee walichimba mizizi ya chakula kwa bidii kuliko vijana wengi. Na mama alipokuwa na mtoto mchanga, yule aliyeachishwa ziwa aliongezeka uzito kadiri ya kazi ya bibi yake. Kutokana na hayo wakatoa rai kwamba pengine hii ndiyo sababu binadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa: bibi ana kazi kwa wajukuu. Haya, basi! Jambo ambalo wataalamu walivuka bahari kulitazama, sisi tunalo nyumbani, na twataka kulibadili kwa soda na simu.

Najua ziko hoja za upande wa pili, nami si mtu wa kuzikimbia.

Hoja ya kwanza ni masomo. Baba mdogo amesema kwamba Juni ijayo mtoto hatakuja, kwa kuwa atakuwa Darasa la Nne, na darasa hilo lina upimaji wa kitaifa. Atabaki mjini kwa masomo ya ziada. Mimi mwenyewe niko Kidato cha Nne, mtihani uko mbele yangu, najua uzito wa neno hilo. Lakini upimaji hufanywa mwishoni mwa mwaka, na babu ana miaka 81. Mtoto akikosa majuma matatu ya masomo ya ziada, atayafidia Julai na Agosti. Akikosa majuma matatu ya babu, nani atamfidia? Na baada ya Darasa la Nne haukosi kuja mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na baada yake Kidato cha Pili. Tukisema "mwaka huu hapana, kuna mtihani," tutasema hivyo mpaka siku tutakayopigiwa simu kuitwa mazishini.

Hoja ya pili ni maradhi na hatari. Ni kweli, ziwa letu lina kichocho, kina malaria ukingo wake, na maji yake yameua watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kwetu hiyo si hadithi ya gazetini. Lakini ni nani ajuaye zaidi namna ya kukaa na ziwa kuliko wazee? Babu alimpa mtoto sheria siku ile ile ya tatu: usioge penye maji yaliyotulia na majani, maana ndipo penye konokono wa kichocho; usisogee ukingoni jioni, mamba na kiboko hutoka; usipande mtumbwi uliojaa, hata kama mwenye mtumbwi ni mjomba wako. Wazazi nao wamletee chandarua, wahakikishe anakunywa maji yaliyochemshwa, na akirudi apimwe kichocho, kwani dawa yake ipo. Mtoto afundishwaye kuogopa ziwa kwa akili ana salama kuliko yule asiyelijua kabisa.

Hoja ya tatu naikubali yote, nayo yawahusu wazazi. Wako watu ambao humleta mtoto si kwa ajili ya babu bali kwa ajili ya mapumziko yao wenyewe. Huleta watoto watatu au wanne, hawaachi unga, hawaachi sabuni, wala fedha ya hospitali, kisha hawapigi simu mpaka shule zifunguliwe. Nimemwona jirani yetu, mama mzee mwenye maumivu ya mgongo, akiwatekea maji wajukuu wanne waliokaa kivulini. Hiyo si heshima. Bibi ni mwalimu, si yaya asiye na mshahara. Na tusisahau kwamba wako babu na bibi wengi ambao tayari wanalea wajukuu mwaka mzima, hasa waliofiwa na wana wao katika miaka ya ukimwi. Hao mzigo wao ni mkubwa, nao hawastahili kuongezewa.

Kwa hiyo natoa mashauri manne. Kwanza, mtoto aletwe kwa majuma matatu walau, kwa maana juma la kwanza lote huisha kwa kuzoea. Siku tatu za kupiga picha hazitoshi. Pili, aletwe na unga wake, sabuni yake na chandarua chake, naye apewe kazi ilingane na umri wake: wa miaka sita alinde dagaa, wa minane achunge, wa kumi amenye mihogo na kuanika michembe. Tatu, wazee wasione haya kusema nao kwa lugha ya nyumbani. Kwetu Kisorya wako Wajita, Wakerewe, Wakara na wengineo, na lugha zao ni jamaa. Mtoto ashikaye moja amezikaribia zote. Kiswahili atakipata kila mahali, na Kiingereza atakipata shuleni, lakini Kijita cha bibi kinapatikana kwa bibi. Nne, nawaomba walimu wa shule za msingi wapunguze kurasa za mazoezi ya likizo, na mahali pake watoe swali moja tu: "Mwulize babu au bibi akutajie majina kumi ya samaki, ya miti au ya ndege, uyaandike." Daftari arobaini za darasa moja zingekuwa hazina kubwa kwa wilaya nzima.

Nasi tulioko sekondari tuna wajibu wetu. Sisi ndio daraja. Tumekua na lugha ya wazee, na Kiswahili cha wadogo zetu twakijua. Turudipo likizo tusijifungie na vitabu kutwa nzima tukijiona wasomi wakubwa. Saa mbili za jioni zatosha kukaa na mzee na mtoto, kugeuza maneno inapohitajika, na kuandika yale ambayo mtoto hatayakumbuka. Mimi nimeanza na majina ya furu. Hadi sasa nimepata 17, na babu asema hajamaliza.

Baba mdogo husoma gazeti hili, kwa maana hulipelekewa kila muhula nami. Basi kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake, namwomba akate tiketi ya Juni ijayo mapema. Vitabu vya Darasa la Nne aviweke katika mkoba; mimi nitamsomesha hesabu kila jioni, bila malipo, baada ya mbuzi kufungwa.